Operesheni mbili za mwanangu: ya kwanza tulimficha, ya pili tulimwambia

Naandika hii kwa wamama na wababa wenye mtoto kama wangu, asiyetembea wala kusema juu ubongo uliumia, juu mwaka wa operesheni ya kwanza nilikuwa natafuta mtu wa kunieleza na sikumpata. Kila mtu alikuwa ananiambia asema omba Mungu, na niliomba kweli, mpaka leo naomba, lakini hakuna aliyeniambia dawa ya kifafa asubuhi ya operesheni unampa mtoto ao haumpi, wala kwamba mlango wa nyumba unaupima kabla hajatoka lopitali, wala mtoto asiyesema anaonyesha vipi kama anaumia.

Sisi ni wa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunakaa Kadutu, ule upande nyumba zimepandana ku mlima, kutoka barabarani mpaka kwetu ni ngazi za udongo na mawe, gari haifiki, pikipiki haifiki. Mimi nashona, mashini yangu ya miguu iko ku barza. Mtoto ninayemsema ni wa tatu, wa kiume, nyumbani tunamuita Papa juu amebeba jina la baba yangu.

Papa alizaliwa bila kulia. Walimsugua, wakamtia oksijeni, akalia nyuma ya muda mrefu sana, na njo hapo ubongo uliumia. Mwaka na nusu ulipita hajakaa, miguu inavutana inapitana kama mkasi, njo munganga akatupa jina: IMC, kwa kifaransa infirmité motrice cérébrale, ndugu zetu wa Tanzania nasikia wanasema mtindio wa ubongo. Ana kifafa pia, anakunywa fenobarbitali kila siku. Hasemi. Ana sauti mbili tatu, na ana macho, akiangalia juu ni ndiyo, akitoa ulimi ni hapana. Hiyo ya macho tuliijua tukiwa tumechelewa, dada yake njo aliivumbua, sisi wakubwa tulikuwa tunaona ni kujinyoosha tu.

Operesheni ni ya nini? Munganga wa mifupa alitueleza hivi: misuli ya mtoto wa IMC inakaza wakati wote, mfupa unakua, msuli haumfuati mwenzake, basi kila mwaka mguu unazidi kukunjwa. Kisigino hakigusi chini, mapaja hayaachani, kumuosha na kumvalisha kunakuwa vita na kilio. Wanakata kidogo na kurefusha ile mishipa minene inayoshika msuli ku mfupa (si ya damu), ya kisigino, ya mapajani, ya nyuma ya goti, halafu wanatia platri (ile simenti nyeupe) mpaka ipone ikiwa imenyooka. Na alisema neno moja ambalo nawaomba muliseme kwa familia yenu yote mapema: operesheni hii haigusi ubongo. Haiponeshi IMC. Kwetu watu wa nyumba ya maombi walikuwa wanangoja Papa atoke pale anatembea, na aliporudi hatembei wakasema imani yetu ilikuwa kidogo. Sisi tulikuwa tunatafuta mtoto akae vizuri ku kiti, avae viatu, aoshwe bila kulia. Basi.

Ya kwanza ilikuwa mwezi wa 11, 2018, alikuwa na miaka 6.

Tulimficha. Mume wangu alisema, na mimi nilikubali, asema huyu mtoto haelewi, tukimwambia tutamtia woga bure. Tukamvalisha nguo ya kanisa tukamwambia tunaenda kutembea. Anapenda sana kutembea, alikuwa anacheka njia yote mgongoni mwa baba yake, tukishuka zile ngazi anacheka. Kile kicheko mpaka leo kinaniuma kuliko yote yaliyofuata.

Tukalala lopitali (sitasema gani), wakaniambia tangu saa sita ya usiku asile asinywe kitu. Na mimi kitu ni kitu, sikumpa hata dawa yake ya kifafa. Asubuhi tunangoja, saa tatu, saa nne, tumbo tupu, dawa hajapata, akaanguka kifafa pale pale ku korido. Wakaahirisha mpaka kesho yake. Hapo njo mwenye kulaza wagonjwa, yule wa usingizi, akaniuliza kwa nini sikumpa dawa, nikamwambia mulisema asinywe kitu, akashika kichwa. Fenobarbitali haikatwi gafla, ukiikata kifafa kinakuja na nguvu. Asubuhi ya operesheni mtoto anapewa dawa yake ya kifafa na tone la maji tu, labda munganga wa usingizi mwenyewe akuambie vingine. Mwenye kusoma, uliza hiyo swali wewe, usingoje waikumbuke wao. Na uwaambie majina ya dawa zote, juu kuna zingine, kama valproati, zinaweza kuongeza kutoka damu, lazima wajue mapema.

Siku ya pili wakaja watu wawili wenye manguo ya kijani na sura zimefunikwa, wakamchukua mikononi mwangu bila kumsemesha neno, hata jina hawakumuita. Mlango ukafungwa. Nilisikia sauti yake nyuma ya mlango, halafu sikuisikia tena.

Alipotoka nilipiga kelele. Macho yalikuwa wazi yanaenda upande na upande, mate yanamwagika, namuita haniangalii. Nilijua amekufa ao ubongo umeharibika mara ya pili. Kumbe ni ketamini, ni dawa ya usingizi wanayotumia sana kwetu, mtu analala nayo macho wazi, na mate yanakuwa mengi. Dakika moja tu ya kunieleza ingetosha. Na mtu akiamka ku ketamini anaona ndoto mbaya, kwa hiyo anahitaji kimya, mwangaza kidogo, asishikwe na watu wengi. Sisi tulikuwa wanane tumemzunguka, tate yake (mama yangu mimi) anaimba, shangazi anamtikisa asema amka Papa amka, mtoto analia analia.

Sasa usiku wa kwanza. Hapa nitakaa kidogo.

Alilia tangu jioni mpaka karibu saa nane ya usiku. Nilimuita muuguzi mara tatu. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, hawa batoto ba hivi banaliaka tu, njo hali yao, wacha apumzike." Hakusema kwa ubaya, alikuwa peke yake na sale nzima ya wagonjwa, namuelewa. Kisha kama saa nane hivi Papa akanyamaza. Muuguzi akapita akasema unaona, ametulia. Na mimi moyo ukaanza kupiga, juu namjua mtoto wangu, Papa akiumwa kidogo analia, akiumwa sana ananyamaza, anashika sikio lake la kuume, anabana pumzi, anaangalia ukuta. Alikuwa ameshika sikio. Nikawasha simu nikaangalia vidole vya miguu. Vya kushoto vilikuwa vimevimba, rangi imegeuka, baridi kama kitu cha mtoni. Nikabonyeza ukucha ukawa mweupe ukabaki mweupe.

Sikumuita muuguzi tena, nilimfuata, nikamshika mkono nikamleta. Alipoona alikimbia. Munganga wa zamu akaja akapasua platri kwa urefu, na pamba ya ndani nayo, mpaka ngozi ikaonekana. Vidole vikarudi rangi pole pole, na Papa akaanza tena kulia, nikalia na mimi juu ile ilikuwa kilio cha kawaida. Munganga akasema mguu unavimba nyuma ya operesheni lakini platri haivimbi, damu inakosa njia, na masaa machache tu yanatosha kuua msuli.

Kwa hiyo nasema kwa kila mtu: vidole vya miguu visifunikwe na blanketi. Masiku mawili ya kwanza angalia kila saa, usiku pia, mubadilishane zamu. Bonyeza ukucha, uwe mweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2 hivi. Ikikawia, vidole vikiwa baridi, vikivimba, ama mtoto anaumia zaidi kila ukimgusa vidole, usikubali neno "ametulia".

Kurudi nyumbani ndio hapo tukaona hatujatayarisha kitu. Mwezi wa 11 Bukavu ni mvua kila siku, ngazi zetu ni matope, platri haipaswi kulowana. Na katikati ya miguu walikuwa wametia fimbo ili mapaja yaachane, mtoto amekuwa mpana kama meza. Mgongoni na kikwembe haiwezekani. Pikipiki haiwezekani. Wanaume wanne wa avenue wakatengeneza kipoyi na miti miwili na blanketi, wakampandisha namna walikuwa wanabebaka wagonjwa vijijini zamani, mmoja anatangulia na mwamvuli. Tukafika mlangoni, haingii. Miguu haipiti ku mlango. Tukamgeuza upande, akalia, tukamrudisha, akalia. Mwishoni mume wangu aling'oa fremu ya mlango ile jioni, tukalala na pazia.

Na kisigino kikatoboka, juu alikaa wiki nzima kisigino kinagusa godoro ndani ya platri na hatukujua. Na choo kikafunga siku sita. Sitaki kueleza zaidi ile wiki.

Alipofika miaka 10 misuli ikawa imekaza tena, sasa zaidi ya nyuma ya magoti. Kine wake (yule wa mazoezi ya viungo) alikuwa ametuambia tangu zamani kwamba mtoto akikua inaweza kurudi. Nilikataa. Miezi mitatu nilikataa. Papa mwenyewe kila tukipita karibu na lopitali yoyote, harufu ile ya dawa ikimfikia tu, anakaza mwili wote kama ubao, mate yanamkaba. Miaka minne imepita na mwili wake haujasahau. Mtoto tuliyesema haelewi.

Yule kine njo alinigeuza. Aliniambia, "Mama Papa, mara ya kwanza mtoto hakujua lopitali na lopitali haikujua mtoto. Tufanye zote mbili zijuane kwanza." Niliondoka na lile neno.

Tuliomba tarehe ya mwezi wa 7, 2022. Kiangazi, hakuna mvua, ngazi zimekauka, na watoto wako ku vakanse, kwa hiyo dada zake wawili wako nyumbani kunisaidia. Miezi miwili kabla nilianza kumlisha, juu walimpima wakakuta damu kidogo na kilo hazitoshi, alikuwa na kilo 18 tu kwa miaka 10. Watoto wetu hawa wanakula pole pole, wanachoka kutafuna, unaona amekula saa nzima kumbe ni vijiko kumi. Uji wa soya, mtama na mahindi, natia mafuta ya mawese kijiko juu, yai kila tukipata, sambaza (wale samaki wadogo wa ziwa) nasaga zikiwa kavu natia ndani ya mboga. Lengalenga, maharagi ya kuponda. Alipanda mpaka kilo 20 na damu ikapanda, munganga akasema sasa kidonda kitapona. Mwili usio na akiba haufungi kidonda, hilo nilikuwa silijui kabisa.

Kumwambia, tulimwambia siku saba kabla. Nilifikiri sana juu ya hiyo. Mapema sana angebeba woga mwezi mzima, kuchelewa tungerudilia ule uongo wa nguo ya kanisa. Mimi niko na vifungo vya mashati vingi, nikatunga vifungo saba ku uzi, nikautundika karibu na kitanda chake, nikamwambia kila usiku tutatoa kimoja, vikiisha tunaenda lopitali, munganga atanyoosha magoti yako. Akatoa ulimi. Hapana. Akatoa ulimi tena na tena, machozi yanatoka. Nilitaka kusema basi hatuendi. Nilikaa tu karibu naye, nikamwambia najua, najua ile siku tulikudanganya, tulikosea, mama anaomba msamaha. Aliniangalia muda mrefu sana. Mume wangu alikuwa mlangoni, akatoka nje.

Kesho yake nilimshonea mtoto wa vikwembe, vipande vya kitenge na pamba, nikamfunga miguu na bande nyeupe. Tukacheza operesheni kila siku. Nilikata chupa ya plastiki nikatengeneza kama ile maski ya pua, tunamtia mtoto wa vikwembe, tunamtia dada, mwishoni Papa akakubali nimguse nayo shavu, siku ya nne ku pua. Nilipaka alkoli kidogo ku kitambaa nikawa naipitisha mbali na huku dada yake anaimba, ili ile harufu ipate kitu kingine cha kukumbusha. Na sikumwambia kwamba haitauma. Nilimwambia itauma, nitakuwa na dawa, nitakuwa karibu, mahali mama hataingia ni chumba kimoja tu, ukifungua macho utasikia sauti yangu.

Upande wa lopitali (ni nyingine, si ile ya kwanza) kine alitupeleka siku mbili kabla, tukaona kitanda, tukasalimia wauguzi, tukarudi nyumbani. Ile ya kuingia na kutoka salama ilimsaidia sana, alikuwa hajawahi kuona kwamba mtu anaweza kuingia pale na kutoka siku hiyo hiyo. Kwa munganga wa usingizi niliomba mambo matatu. Papa awe wa kwanza asubuhi, ili asikae na njaa mpaka saa sita. Dawa yake ya kifafa apewe. Na mimi niwe pale akiamka. Hili la tatu alifikiri kwanza, akasema atanivalisha manguo yao, nitasimama karibu na kichwa, sitagusa kitu. Alinieleza pia mpango wa chakula, tofauti na ule wa "saa sita ya usiku": chakula na uji mwisho ni masaa 6 kabla, maji safi matupu mpaka masaa 2 kabla. Mtoto mwenye kukabwa na mate na kutapika kama wetu, hayo masaa ni ya kufuata sawasawa, juu chakula kikipanda usingizini kinaingia ndani ya mapafu.

Halafu ile karatasi. Dada yake aliandika na markeri, herufi kubwa, tukaibandika ukutani juu ya kitanda:

"Mimi ni Papa. Ninasikia na ninaelewa. Niangalie usoni. Macho juu ni NDIYO. Ulimi ni HAPANA. Nikilia naumia kidogo ao nataka kugeuzwa. NIKINYAMAZA NA KUSHIKA SIKIO NAUMIA SANA, angalia miguu yangu, ita mama. Nalishwa nikiwa nimekaa, si nikilala. Niambie kabla ya kunigusa."

Kine alituambia kuna kipimo cha maumivu cha watoto wasiosema, kinaitwa FLACC, wanaangalia sura, miguu, mwili unavyokaa, kilio, na kama mtoto anabembelezeka, kila moja inapata 0, 1 ao 2, jumla 10, na kwa watoto kama wetu mzazi anaongeza zile alama za mtoto wake mwenyewe. Kwa hiyo sikio la Papa liliingia ndani ya fishi yake ya lopitali, limeandikwa na kalamu ya munganga. Sijui kama mnaelewa ile ilinifanya nini. Miaka minne nyuma nilimkokota mtu mkono ili anisikie.

Siku ile ilikwenda. Kwa mlango wa sale ya operesheni yule wa usingizi aliinama, akavua maski yake kwanza ili Papa aone sura, akasema, "Papa, tuko naenda kulala kidogo, sawa?" Papa hakuangalia juu. Lakini ulimi haukutoka. Nikaimba mpaka mlango ukafungwa. Akiamka nilikuwa pale, chumba kimya, taa imepunguzwa, macho yake yanaenda huku na huku na safari hii nilijua ni nini, sikumtikisa, nilikuwa nasema tu pole pole mama iko, mama iko.

Usiku ulikuwa mgumu, nisidanganye mtu. Misuli ya IMC nyuma ya operesheni inaruka yenyewe ndani ya platri, inakuja kama wimbi, mguu unatikisika, mtoto anastuka, maumivu yanapanda, na maumivu yakipanda misuli inakaza zaidi. Parasetamoli peke yake haitoshi kwa ile, walikuwa wanampa na diazepamu (dawa ya kulegeza misuli) kidogo kidogo, wakimuangalia pumzi juu na fenobarbitali iko ndani. Tulichojifunza ni kumpa parasetamoli kwa saa yake, kila masaa 6, bila kungoja alie kwanza, kipimo walichotupa ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa hiyo yeye miligramu 300. Ukingoja alie umeshachelewa.

Nyumbani sasa. Mlango tulikuwa tumeupima na kamba (fimbo ya katikati hakutiwa mara hii, lakini miguu yote miwili ilikuwa imenyooshwa mpaka mapajani, lazima apite kwa urefu). Kipoyi kilikuwa tayari, vijana wale wale. Chini ya visigino nilishona mto mdogo wa mviringo unaobeba miguu ili kisigino kining'inie hewani kisiguse kitu. Kila masaa 2 tunamgeuza, usiku mume wangu anatia alamu. Suruali nilishona za kufunguka pembeni na kamba, na kwa usiku wa baridi soksi kubwa za kitambaa zinazofunika platri mpaka vidoleni, lakini mbele zinafunguka ili vidole viangaliwe. Papai na maji tangu siku ya kwanza, juu ya choo. Kunusa platri kila asubuhi, harufu ikigeuka ni kidonda. Hakuna fimbo wala peni ndani hata kama anakuna, tunapepea na karatasi, tunampigapiga juu juu.

Mafranga niseme kidogo. Tulicheza likelemba (kuchangiana pesa kwa zamu) miezi minane, tukapata ya operesheni. Ya nyuma njo karibu ituangushe: platri kutolewa, ateli (vile vifaa vya kushika mguu ukae umenyooka) za kulala nazo usiku, kine mara tatu kwa wiki na usafiri wake. Bila mazoezi na ateli, msuli unarudi kule kule, operesheni imepotea. Gawanya pesa yako kwanza, nusu isiguswe mpaka mtoto atoke lopitali.

Na dada yake mkubwa, wa miaka 13, njo aliniambia siku moja akiosha vyombo, bila kuniangalia, "Mama, na mimi nilikuwa naogopa, lakini hakuna aliyeniuliza." Nikaacha mashini nikaenda kukaa naye jikoni.

Wiki ya sita tukaenda kutoa platri. Nilikuwa nimetayarisha kila kitu, vifungo, maski, harufu, karatasi, na hiyo moja sikuifikiria hata kidogo: ile msumeno ya umeme. Inapiga kelele kama mashini ya kusaga unga, na inaletwa ku mguu. Papa alibana pumzi, akashika sikio. Yule fundi wa platri alikuwa mtu mzuri, akazima pale pale, akaonyesha kwa kuiweka ku kiganja chake mwenyewe, akaeleza kwamba kisu kile hakizunguki, kinatetemeka tu, kinakata kitu kigumu, ngozi laini inatetemeka nacho bila kukatika. Mimi nilielewa. Papa hakuweza. Nikaomba turudi kesho kutwa, fundi akakubali.

Nyumbani nilimlaza ku mkeka karibu na mashini yangu, miguu yake ndani ya platri nikaiegemeza ku meza ya mashini, nikaanza kushona. Pole pole kwanza. Akakaza. Nikasimamisha, nikamwambia ni mashini ya mama, kelele, kutetemeka, basi. Nikashona tena. Siku mbili nilishona hivyo, nilimaliza yunifomu nne za ekole miguu ya Papa ikitetemeka mezani, siku ya pili alikuwa anatoa ile sauti yake ya kuomba tena nikisimama.

Kesho kutwa fundi aliwasha ile msumeno mbali kwanza, ku dirisha. Papa akaisikiliza. Akaniangalia mimi, akaangalia mikono yangu. Fundi akamsogelea, akazima, akasema, "Papa, naanza?"

Macho yakaenda juu.